Ampu za zamani: ipi ununue ukiwa Dodoma

Kabla hujatazama uso wa ampu, yaani kikuza sauti kinachosukuma spika, igeuze mgongo. Nyuma ndiko kumeandikwa kama ni ya volti 100 za Japani, 120 za Marekani, au kama ina swichi ya kuchagua umeme hadi 220 au 240. Wetu ni 230. Niliwahi kununua resiva, yaani ampu yenye redio ndani yake, hapa mjini, muuzaji akaniapia kwamba "inakubali tu", nikaichomeka. Transfoma ilinguruma mara moja, ikafuata harufu ya vanishi inayoungua, basi. Ile transfoma ninayo mpaka leo, imekuwa nyeusi upande mmoja.

Namba moja kwangu ni ampu isiyo na redio, ya Japani ya miaka ya 1970, iliyotengenezwa kwa soko la nje: Sansui za AU, Pioneer za SA, Yamaha za CA. Wati 30 hadi 60 kila upande zinajaza sebule, tena ni wati za kweli, si zile maelfu zinazobandikwa kwenye boksi la sabufa. Nyingi zimejengwa kwa transista moja moja, kwa hiyo fundi anang'oa iliyokufa na kulehemu nyingine. Ndiyo maana zinafufuka.

Ya pili, resiva yenye swichi ya umeme. Marantz 2270 ni wati 70 kila upande, na uso wake ukiwaka bluu usiku unasahau hata bei. Ila redio huongeza vitu vya kuharibika. Angalia pia kipimo cha FM: za soko la Japani huishia 90, zetu zinafika 108, hivyo steshini nyingi hutazipata.

Ya tatu NAD 3020, iliyotoka 1978. Wati 20 tu, lakini kwa spika ndogo inaimba vizuri mno.

Ya nne ni za miaka ya 1980 zenye STK, ile bloku moja inayobeba kazi yote. Bei nafuu, ila ikiungua, STK feki zimejaa sokoni.

Mwisho kabisa, za volti 100 zisizo na swichi. Chukua tu kama bei inakuachia hela ya transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha.

Ukienda kununua, nenda na mita ya kupimia umeme na taa ya moto ya wati 60, ile ya waya, iliyofungwa kwa mfululizo na ampu. Taa ikiwaka kidogo kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inang'aa, kuna shoti. Halafu pima volti za DC, umeme wa aina ya betri, kwenye matundu ya spika nyuma ya ampu, sauti ikiwa sifuri: chini ya milivolti 50 ni salama, zikifika mamia usithubutu kuunga spika zako.

Fungua na kifuniko. Ampu iliyokaa Dodoma itakuwa na vumbi jekundu hadi kwenye transfoma, usiogope. Brashi ya rangi na upepo vinalitoa. Ninayoiogopa ni iliyokaa Dar au Tanga. Chumvi ya bahari hula miguu ya transista na swichi za ndani, na kutu hiyo haifutiki kwa brashi.