Mailstoni za GitHub kwa projekti ya chuo: zinafaa au mnajichosha tu?

Niaje wadau, karibuni tena. Leo nachambua kitu ambacho wanafunzi wengi wa kompyuta wanacho bure na hawakigusi, mailstoni za GitHub, ile tovuti ya kutunza kodi ya programu mkiwa timu. Mailstoni ni hatua ya projekti yenye tarehe yake ya mwisho, unakusanya kazi zake humo. Na sitaki kuongea hewani kwa iyo tuchukue projekti kabisa: timu ya watu wanne mwaka wa mwisho, wanatengeneza kalenda ya kupanga matukio, unaweka kikao, unaalika watu, inakukumbusha, basi.

Bei najua mtauliza. Bure. Tangu Aprili 2020 hata akaunti ya bure inakupa ripo za siri (ripo ni hifadhi ya kodi ya projekti) na mnaingia wote, hela yenu ni ya bando tu.

Haya cheki kwenye skrini. Unaingia Issues, unabonyeza Milestones, unaunda mpya, unaipa jina, maelezo na tarehe ya mwisho, tarehe tu, saa hamna. Alafu unapachika isyu zako humo, isyu ni kazi moja mliyoiandika ifanyike. Isyu moja inakaa kwenye mailstoni moja tu, na hapo nawapongeza kabisa maana inawalazimisha mkae chini muamue hiki kinatoka lini. Kila isyu ikifungwa mstari unajaa na asilimia inapanda. Na ukiandika "Closes #12" kwenye maelezo ya pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako ya kodi, ikishaunganishwa na tawi kuu (toleo kuu la kodi) isyu namba 12 inajifunga yenyewe, hamna kukumbushana WhatsApp usiku.

Sasa kinachonikera ni hiyo asilimia, inahesabu vichwa tu, uzito wa kazi haiujui. Ona hapa nimeweka isyu 10, rangi ya kitufe, logo, jina la mwezi juu ya ukurasa, vitu kama hivyo, ya kumi ni matukio ya kujirudia. Zile 9 zikifungwa inasoma 90%, supavaiza anafurahi, kumbe iliyobaki ndo projekti yenyewe! Mtu akiweka kikao kila mwezi tarehe 31, Februari inakuwaje? Kanuni ya iCalendar, RFC 5545 ya mwaka 2009, ambayo kalenda nyingi zinaifuata kubadilishana matukio kwa faili la .ics, inasema mwezi usio na tarehe hiyo unarukwa, kwa iyo kikao cha "kila mwezi" kinatokea mara 7 tu kwa mwaka na mtumiaji wala hajui mpaka programu yenu imwambie. Alafu anataka kusogeza cha Julai peke yake vingine vibaki palepale, mnahifadhi vipi hiyo kwenye databesi? Ivunjeni hiyo isyu jamani, zitoke tano au sita, ndo asilimia itaanza kusema ukweli.

Na pull request nazo zinahesabiwa mkizipachika, kazi moja inaonekana mbili, kwa iyo pachikeni isyu tu. Isyu mliyoifunga kwa sababu mmeamua kuiacha nayo inapandisha asilimia, itoeni kwanza kwenye mailstoni.

Kwenye kugawa mailstoni ndo nawaomba mnisikilize. Timu nyingi zinaweka ya kwanza databesi, ya pili skrini, ya tatu kuunganisha, mnafika wiki ya mwisho hamna hata kitu kimoja cha kufungua mkaonyesha. Ya kwanza mimi naiita "Tukio moja linaonekana": mtu anaandika kikao, anafunga brauza, akirudi anakikuta kwenye tarehe yake. Na muda uhifadhiwe na kanda yake ya saa hapohapo msisubiri. Tanzania na Kenya tuko UTC+3, yaani masaa 3 mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima, mkijaribu wenyewe tatizo hamlioni, ila alika mtu wa London, ambako saa inasogezwa mbele majira ya joto, Januari mmepishana masaa 3, Julai masaa 2, kikao chenu cha kila wiki kwake kinahama saa nzima. Baada ya hapo mialiko na vikumbusho, kujirudia, halafu .ics. Mailstoni ya mwisho isiwe na kitu kipya hata kimoja, ni kujaribu na kurekebisha hitilafu, na tarehe yake iwe wiki moja kabla ya presentesheni.

Lingine, mailstoni ni ya ripo moja. App ya simu ikikaa ripo yake na seva yake, mnaunda mara mbili na asilimia hazijumlishwi. Watu wanne ripo moja inatosha, wekeni folda mbili ndani.

Naipa 7 kwa 10, hizo 3 nimekata kwa ajili ya asilimia. Mko wawili na mnakaa chumba kimoja? Daftari linatosha. Kuanzia watatu anzeni nayo leo, kabla hamjaandika mstari wowote wa programu. Video ijayo naandika isyu za "Tukio moja linaonekana" moja baada ya nyingine, kama unatengeneza kitu kama hiki tupia isyu zako hapo chini nitazipitia.