Mi Box S kwenye waya: adapta ya UGREEN ya 10/100 katika nyumba ya Mji Mkongwe

Anayeishi Mji Mkongwe anaujua ukuta wa mawe na chokaa. Mchana wa kaskazi unakupa ubaridi, jirani akigombana na mumewe husikii neno, na Wi-Fi nayo inaishia hapohapo. Ruta yetu iko ghorofa ya kwanza, kando ya dirisha ambalo mafundi wa faiba walipitishia waya wao. TV iko ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, kwa mama. Katikati pana ukuta wenye upana wa dhiraa nzima. Masafa ya gigahezi 5 hayafiki kabisa. Yale ya 2.4 yanafika yakiwa hoi, na huko juu yanakuta msongamano: nikifungua orodha ya mitandao kwenye Mi Box S, boksi letu la TV la Xiaomi, nasoma majina ya hoteli na nyumba za wageni tu, zote zikigombania chaneli tatu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11.

Tamthilia za Kituruki za mama zilikuwa zinavumilika, kwa sababu boksi huivuta video mbele kidogo na kuiweka akiba, mtandao ukiyumba linakula akiba. Mpira wa moja kwa moja hauna akiba ya maana. Duara likianza kuzunguka, vijana wa barazani chini wanashangilia goli na wewe bado unatazama kona ikitengwa.

Ushauri niliopewa na kila mtu ni kununua ekstenda. Sikuitaka. Ekstenda inapokea hewani na kurusha tena hewani, na zile za bei rahisi zinatumia redio moja kwa kazi zote mbili, kwa hiyo nusu ya kasi inapotea njiani. Tena ukuta bado upo palepale. Nikaamua waya.

Tatizo ni kwamba Mi Box S haina tundu la waya wa mtandao. Ukiigeuza nyuma unaona HDMI, USB moja ya 2.0, tundu la sauti na la umeme, basi. Kwa hiyo unahitaji adapta inayoingia kwenye USB na upande wa pili kupokea plagi ya RJ45.

Darajani nilioneshwa mbili. Moja haina jina, kasha lake limeandikwa 1000 Mbps kwa herufi kubwa kuliko kitu chenyewe. Ya pili ni UGREEN ya 10/100, yaani mwisho wake megabiti 100 kwa sekunde, shilingi 35,000. Kijana wa dukani akanambia, "Dada, chukua hii ya elfu moja, ndiyo yenye mbio." Nikachukua ya mia. Netflix wenyewe wanasema 4K inataka megabiti 15 kwa sekunde, na HD kamili inataka 5. Kifurushi chetu cha nyumbani ni 20. Hiyo elfu moja ingepita wapi? Na hata ungekuwa na kifurushi kikubwa, tundu la USB 2.0 la boksi lenyewe kikomo chake kwenye karatasi ni 480.

Cha kuangalia zaidi ni chipu. Kompyuta ukiichomeka adapta isiyoijua, unapakua dereva, yaani programu ya kuiendesha, na mambo yanakwenda. Boksi la TV halikupi nafasi hiyo: ama mfumo wake umeshakuja na dereva, ama adapta inakuwa pambo. Hii ya UGREEN inatumia AX88772A ya kampuni ya ASIX, chipu ya siku nyingi ambayo dereva wake umo ndani ya mfumo wa Linux, na Android inayoendesha Mi Box imejengwa juu ya Linux. Ile isiyo na jina haikuandikwa chipu popote, na muuzaji nilipomuuliza aligeuza kasha juu chini, akacheka.

Waya ndio ulionipa kazi. Duka la pili walinipimia mita 25 za Cat6, daraja la waya wa mtandao lililo juu ya Cat5e, kwa bei nzuri mno. Nikaomba kijisu, nikakwangua ncha ya uzi mmoja: rangi ya shaba ikatoka, ndani nyeupe kama sufuria. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Itashika, ndiyo, lakini inakatika ukiikunja kona kali, na nyumba zetu ni kona tupu. Nikaenda kwingine nikapata Cat5e ya shaba halisi, ambayo inatosha kabisa na inakwenda hadi mita 100 bila matatizo. Kati ya Cat6 ya aluminiamu na Cat5e ya shaba, chukua shaba bila kujiuliza.

Plagi nilibana mwenyewe kwa mpangilio wa B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Kwa kasi ya 100 zinazofanya kazi ni nyuzi nne tu, zile za chungwa na kijani, pini 1, 2, 3 na 6. Lakini bana zote nane, kesho ukibadilisha boksi hutaki kurudi kwenye ngazi na koleo mkononi. Njia niliyopitisha ni uwazi wa ngazi za ndani, kwa klipu za misumari, mbali na waya wa umeme. Ukuta wa nje sikuugusa. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na mambo ya kutoboatoboa nje yanataka kibali. Mama alipouona waya unapanda akauliza, "Mwanangu, huo utaufunika, au ndiyo tumeshahamia ofisini?" Nimeupaka chokaa. Karibu hauonekani.

Kuunganisha kwenyewe hakuna hadithi. Nilichomeka adapta, taa ya kijani ikawaka, ya njano ikaanza kupepesa, na kwenye mipangilio ya mtandao sehemu ya Ethaneti, yaani mtandao wa waya, ikaandika imeunganishwa. Hakuna neno la siri wala cha kubonyeza. Boksi likiona waya linaiacha Wi-Fi lenyewe. Kasi iliyokuwa ikirukaruka kati ya megabiti 2 na 6 sasa inasimama 19 usiku na mchana, na kilichonifurahisha zaidi ni huko kusimama. Picha haianzi tena na ukungu kabla ya kusafika. Jioni wageni wa hoteli wakirudi na simu zao, kwetu hakuna kinachobadilika.

Nilikuwa na wasiwasi kama simu bado itaweza kurusha video kwenye TV, moja ikiwa kwenye Wi-Fi na nyingine kwenye waya. Inarusha vizuri, mradi zote zimetoka ruta moja. Ukiwa umeingia kwenye mtandao wa wageni wa ruta hiyohiyo, boksi halitaonekana, maana mtandao huo umetengwa makusudi.

Kero moja ipo, na kabla hujanunua ujue: USB ni ile moja tu. Ukiweka adapta, flashi yako ya maulidi na harusi haina pa kukaa. Nimeongeza habu ndogo ya kugawa USB, ya matundu manne, na flashi pamoja na adapta zinaishi kwa amani. Hadi diski ya nje inayozunguka ilipochomekwa. Tundu la USB 2.0 kawaida hutoa miliampea 500, diski inakula karibu zote ikianza kuzunguka, adapta ikazimika. Kama una diski ya aina hiyo, nunua habu yenye umeme wake. Adapta inapata uvuguvugu ikifanya kazi, si moto wa kutisha.

Kwa mwenye Mi Box S tayari, naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa kawaya kake kafupi, inaning'inia nyuma ya TV na ikabidi niishikize kwa gundi. Lakini kama ndiyo kwanza unatafuta boksi, angalia nyuma yake kabla hujalipa. Google TV Streamer ya 2024 imekuja na tundu la Ethaneti la gigabiti. Apple TV 4K ya 2022 inalo kwenye ile ya GB 128 tu, ya GB 64 haina. Na toleo la pili la hii yetu ya Xiaomi, lililotoka 2023, bado halina, kwa hiyo weka hiyo 35,000 pembeni kabisa unapopiga hesabu.