Duka la kuchapisha Moshi lililoniuliza "Picha hii ya nani?"

Kalenda 60 za A3 za kikundi chetu cha waongoza watalii na wagumu (wapagazi) wa Mlima Kilimanjaro nimezichapishia kwenye chumba kimoja cha ghorofani, karibu na Mnara wa Saa, Moshi. Moja shilingi 4,500. Kwingine nilitajiwa 3,500. Mwakani narudi hapohapo.

Nilipeleka picha 12 kwenye flashi. Dada wa kaunta akazifungua moja moja. Alipofika ya Machi, kilele cha Kibo kimetakata asubuhi, akauliza, "Kaka, hii umepiga mwenyewe?" Nikamwambia nimeitoa intaneti. "Ya nani?" Sikuwa na jibu. Akasema haichapi mpaka nipate ruhusa ya mwenyewe, au nilete nyingine.

Swali lile lilinigusa kwenye kidonda. Mwaka juzi picha niliyopiga Shira, hukohuko mlimani, alfajiri, vidole vimekufa ganzi, niliikuta kwenye tangazo la kampuni moja ya utalii, jina langu la pembeni limekatwa. Nilipowapigia wakanijibu, "Si uliiweka mtandaoni mwenyewe?" Niliiweka watu waione. Kihamba, shamba la migomba la nyumbani, kikikosa uzio, mkungu wa ndizi hauwi wa mpita njia. Na mimi ndiye niliyekuja na picha ya mtu kwenye flashi.

Dada huyu sheria anaijua. Aliniambia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha tangu picha inapopigwa, hata kama hajaisajili popote. Kuandika "picha kutoka Google" hakusaidii, maana Google haikuipiga, imekuonyesha tu ilipo. Akanivutia kiti, akafungua tovuti ya Wikimedia Commons, ambako kila picha ina ukurasa wenye jina la mpigaji na masharti yake. Tukapata Kibo nyingine yenye leseni ya CC BY: hata biashara ruksa, mradi mpigaji na leseni vitajwe. Vimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya Machi. Akaniasa kwamba nikikuta leseni yenye NC, nisiiweke kwenye kitu cha kuuza.

Picha zangu mbili nazo alizikataa, kwa kuwa zilipitia WhatsApp zikabanwa. Ili A3 itoke safi kabisa inataka pikseli kama 3,508 kwa 4,961. Ikabidi nirudi nyumbani Rau kuchukua zile za kwenye kamera.

Kasoro zipo. Waliahidi siku tatu, zikawa tano, na hiyo iliniudhi kwa sababu wageni wawili waliondoka bila kalenda zao. Ngazi ni nyembamba, mzee atapata taabu. Rangi lakini ni safi, theluji imetoka nyeupe, haina ubuluu.

Siku ya kuchukua mzigo, dada aligeuza kompyuta niione, akafuta picha zangu zote 11 mbele yangu, kisha ndipo akanirudishia flashi. Sikuwa nimemwomba.