20 si zaidi ya 18: duka la zana lililoniacha na betri nne

Nimefanya kazi ya useremala hapa Lubumbashi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo nimedharauliwa na wateja, na wenye mbao na hata na wakwe zangu, lakini sikuwahi kufundishwa hesabu na kijana aliyeegemea kaunta huku macho yake yakiwa kwenye simu. Kwa hiyo ninaandika nikiwa na hasira, na msomaji anayetaka maelezo ya nguvu, uzito na kasi ya mashine ayatafute kwingine, kwa maana yameandikwa kwenye kila boksi. Duka lenyewe sitalitaja. Lina matawi zaidi ya moja katika miji yetu ya Katanga, na kwa miaka mingi lilikuwa mahali pangu pa kununulia zana za Makita, kampuni ya Kijapani, hadi siku nilipoingia nikakuta zimeondolewa bila mtu kutuambia neno.

Jambo lilianza na harufu. Ilikuwa wakati wa kiangazi, vumbi jekundu limekwisha kuingia hata ndani ya masanduku yaliyofungwa, nami nilikuwa nikifunga bawaba za makabati ya jikoni ya mama mmoja wa mtaa wa Golf, aliyekwisha kunilipa nusu ya fedha na ambaye alinipigia simu kila asubuhi kama mtu anayeulizia mgonjwa. Drili yangu ya Makita, mashine ya kutobolea inayotumia betri, ikaanza kutoa harufu ya kitu kinachoungua, na kwenye matundu ya pembeni nikaona cheche za buluu zikizunguka. Fundi yeyote anajua maana yake: makaa yamekwisha. Makaa, kwa asiyejua, ni vipande viwili vya kaboni, kila kimoja kidogo kama punje ya haragwe, vinavyosukumwa na springi ili viguse sehemu ya mota inayozunguka na kuipelekea umeme. Hulika polepole kama kipande cha sabuni, na vimechorwa mstari unaokuonyesha pa kukomea. Nilipovichomoa, mstari wenyewe ulikuwa umekwisha kulika. Uzembe huo ni wangu, ninaukiri mapema ili mtu asije kunikumbusha, lakini dawa yake ni dola chache na dakika tano za kufungua vifuniko viwili.

Nikapanda pikipiki, betri moja mfukoni na makaa yaliyochakaa yakiwa yamefungwa ndani ya karatasi, nikafika dukani kabla ya jua kuwa kali. Ukuta wa kushoto, ambao kwa miaka yote ulijaa zana za rangi ya kijani cha bahari, ulikuwa umepakwa rangi upya, na juu yake zilining'inia mashine za jina nisilolijua, zote nyeusi na rangi ya chungwa, kila boksi likiwa na namba 20 iliyoandikwa kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Nikafungua karatasi yangu mbele ya kijana wa kaunta na kumwomba makaa kama hayo. Hakuyatazama.

“Makita hatuuzi tena, Papa.”

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Nikamuuliza kama basi wana vipuri tu, kwa sisi tulionunua kwao. Akasema vipuri vya kitu wasichouza wavitoe wapi, kisha akashusha moja ya zile mashine nyeusi na kuiweka juu ya karatasi yangu, juu ya makaa yangu kabisa, akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananiamsha usiku.

“Yako ni volti kumi na nane, hii ni ishirini. Papa, kati ya kumi na nane na ishirini, ipi ni kubwa?”

Mtunza fedha akacheka. Mteja mmoja aliyekuwa akipimiwa misumari akacheka pia, bila kujua anacheka nini.

Sasa ngoja nimjibu hapa, kwa sababu pale ulimi ulinikauka. Ndani ya betri ya volti 18 mna seli za lithiamu zilizounganishwa tano kwa mfululizo, na kila seli, kwa kawaida yake ya kazi, huhesabiwa volti 3.6. Tano mara 3.6 ni 18. Seli zile zile zikitoka kwenye chaja zimeshiba, kila moja hufikia volti 4 na zaidi kidogo, na tano mara 4 ni 20. Ni betri ile ile, ila mmoja ameipima ikiwa kazini na mwingine ameipima ikiwa imetoka kula. DeWalt wenyewe, ambao si watu wadogo katika biashara hii, huuza zana zao Marekani kwa jina la volti 20 na Ulaya kwa jina la volti 18, na hakuna Mmarekani anayechimba shimo refu zaidi kwa sababu hiyo. Kijana hakuwa na lazima ya kuyajua haya siku ya kwanza ya kazi. Lakini anayauza. Na la kunichekesha kama nisingekuwa na uchungu ni kwamba aliichukua betri yangu akajaribu kuisukuma kwenye mashine yake, akaigeuza, akasukuma tena kwa kiganja, mpaka nikamwomba anirudishie kabla hajavunja reli zake. Muuza zana hakujua kwamba betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine.

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Anayenunua zana ya betri haoi mashine, anaoa betri. Mzee aliyekuwa akiuza kwenye kaunta ile zamani, mtu mpole aliyejua kusikiliza mota kwa sikio, alinieleza hivyo hivyo aliponiuzia drili ya kwanza. Aliniambia kwamba Makita walianzia Nagoya, Japani, mwaka 1915, kwa kuuza na kukarabati mota, na kwamba drili yao ya kwanza ya kuchaji ilitoka mwaka 1969, nami nikacheka kwamba drili hiyo ni kaka yangu. Akaniambia nikishakuwa na betri mbili, mashine nyingine ninunue bila betri, itakuwa nafuu. Nikamtii. Nikaongeza msumeno wa mviringo, kisha mashine ya kupigia msasa. Mtaani kwetu Katuba umeme huja usiku wa manane na kuondoka kabla ya jogoo, na mwanangu wa kwanza amejifunza kuamka saa tisa usiku kubadilisha betri kwenye chaja kama mtu anayenyonyesha pacha. Bila betri karakana yangu ingelala siku tatu kwa juma. Kwa hiyo duka linapoondoa chapa ukutani, haliondoi bidhaa tu. Linamwacha mtu na betri nne, chaja mbili na mashine tatu ambazo mjini hapa hazina tena mzazi.

Tena betri mbili kati ya hizo nne nilizinunua kwao miezi michache tu kabla ya mambo haya, kwa punguzo kubwa. Nilijisifu mtaa mzima. Niliwapeleka mafundi wawili wenzangu wakanunue nao. Sasa ninaelewa kwamba haukuwa ukarimu, walikuwa wanafagia rafu, na mimi nilikuwa ufagio! Hakuna aliyeniambia, “Papa, tunakuuzia kwa bei hii kwa sababu hatutaleta nyingine.” Sentensi moja ingetosha. Huenda ningenunua hata hivyo, na pengine ningenunua makaa jozi kumi na kuyaweka.

Nikitulia kidogo, najua kwamba mwenye duka ana haki ya kuuza anachotaka. Zana nzuri ni ghali, zinalala rafuni, na nje ya duka lake wamejaa wauzaji wa Makita bandia, betri nyepesi kama boksi tupu lenye stika, kwa bei ambayo mtu mwaminifu hawezi kuishindania. Najua pia kwamba si kila mtengenezaji anayehitaji duka: Hilti wa Liechtenstein, ambao wakandarasi wa migodini wanawapenda kuliko chakula, wamejenga biashara yao kwa kumuuzia fundi moja kwa moja. Kwa hiyo kuacha kuuza si dhambi, na nilipofika mlangoni siku ile nilikuwa karibu kuwasamehe. Nisingeandika lolote.

Lakini nilipokuwa natafuta pikipiki, mama mmoja wa stoo alitoka nyuma ya jengo akiwa amejifunga kitenge juu ya sare, akaniita. Alikuwa amesikia. Akaniambia, “Papa, samahani kwa maneno ya mtoto,” akaniomba yale makaa, akayapima kwa kuyaweka kwenye kucha ya kidole gumba, akarudi ndani. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye nyusi na pakiti mbili ndogo mkononi, za asili, zenye namba ile ile, na akaniandikia risiti kwa bei ya zamani. Nikataka kumwongezea chochote, akakataa. Huyo ningempa nyota zote za duka na za mbinguni juu yake.

Furaha yangu ilifika hadi kwenye mzunguko wa barabara, ikaishia hapo. Kama vipuri vilikuwa stoo, kijana alinikatalia nini? Alikuwa na kompyuta mbele yake. Angebonyeza mara mbili. Badala yake aliona heri kunifundisha kuhesabu, kwa kuwa makaa ni dola chache na mashine nyeusi ni dola nyingi. Na ni wateja wangapi, wasio na mama wa kuwaita kutoka nyuma ya jengo, waliokwenda nyumbani na mashine wasiyoihitaji?

Basi hukumu yangu ni ipi? Mwanzo nilikusudia kuandika kwamba mtu asikanyage pale. Siwezi. Bawaba zao ni nzuri, skrubu zao hazikatiki kichwa, na mama wa stoo yupo. Isitoshe, mwanafunzi wangu, ambaye ana masikio magumu kuliko mbao, amenunua mojawapo ya zile mashine nyeusi kwa fedha zake, na kwa aibu yangu inatoboa vizuri mpaka sasa. Nimeishika mara mbili tu, wakati hayupo. Inatetemeka mkononi, mdomo wake haubani biti, kile chuma cha kutobolea, sawasawa, lakini inatoboa. Nikiulizwa mbele yake nasema tutaona masika.

Makabati ya Golf yalifika siku nne baada ya ahadi, na mama mwenyewe alikata kidogo kwenye nusu iliyobaki. Hicho kidogo kilikuwa kikubwa kuliko bei ya jozi nane za makaa, kwa kuwa nimepiga hesabu hiyo pia, na hakuna aliyenisaidia. Jozi moja sasa iko ndani ya drili. Nyingine iko kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la risiti, na dereva mmoja anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kila juma ana kipande cha mfano mfukoni, anitafutie nyingine Kitwe, Zambia.

Dukani nimerudi mara tatu tangu hapo, kununua skrubu. Kijana bado yupo kaunta. Ameniandalia jina, na hulitamka kwa sauti ili mtunza fedha asikie: “Papa Dix-huit, karibu,” yaani Papa Kumi na Nane kwa Kifaransa. Mara ya kwanza nilitoka bila kununua. Mara ya tatu niliitika, nikamwomba aniitie mama wa stoo.