Windows 11 Pro kwa ofisi yenye kompyuta moja na watumiaji wengi

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku Tandahimba. Ofisi ina kompyuta moja. Naitumia mimi, anaitumia mtunza ghala na karani wa mzani, na msimu ukipamba moto wanaongezeka vijana wa kuingiza kilo. Zamani wote tulipita akaunti moja. Kilo za mkulima zikibadilika kwenye faili, hujui nani kagusa, na mkulima mwenyewe yuko nje anasubiri pesa yake ya mnada.

Tulipohamia Windows 11 Pro, kilichonikosha ni vitu viwili: lusrmgr.msc, penye watumiaji na makundi yao, na secpol.msc, penye masharti ya usalama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika jina, dirisha linafunguka. Hulipii cha ziada. Ila toleo la Home halina vitu hivi, na laptop nyingi za madukani zinakuja na hilo. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Anza na makundi, watu baadaye. Niliunda kundi la Mzani, la Ghala na la Hesabu, kisha folda ya malipo nikaipa ruhusa kwa makundi: Hesabu wasome na kuandika, Ghala wasome tu, Mzani wasiifungue kabisa. Kwanza lakini kata ruhusa ambazo folda imerithi kutoka diski C, la sivyo kila mwenye akaunti ataendelea kuingia humo. Sasa kijana wa msimu akija namtia kundi la Mzani, kazi imekwisha. Akiondoka naizima akaunti yake, siifuti, ili jina lake lisipotee kwenye orodha za ruhusa.

Mtunza ghala aliniita siku nilipomwongeza kwenye kundi lake: "Dada, mbona bado inanikatalia?" Nikamwambia atoke kwenye akaunti, aingie upya. Ikafunguka. Ndivyo ilivyo, kundi jipya linahesabika mtu anapoingia tena.

Kwenye secpol nimeweka urefu wa neno la siri, na akaunti kujifunga mtu akikosea mara tano. Kile cha neno la siri kuisha muda kila baada ya siku 42 nimekiondoa. Watu wakilazimishwa kubadilisha kila mara huishia kuliandika kwenye daftari la mzani, na Microsoft wenyewe walikitoa kwenye mapendekezo yao mwaka 2019.

Kinachosumbua ni kufuatilia nani kafungua faili. Unawasha kwenye secpol, halafu unawasha tena kwenye folda yenyewe, na ukiruka hatua moja hupati kitu. Daftari la matukio, ambamo Windows huandika nani kafanya nini, nalo lina MB 20 tu usipolibadilisha. Likijaa linafuta ya zamani. Liongezeni ukubwa kabla ya msimu wa Oktoba, mkaguzi akija mkute matukio yapo.

Na mwenye akaunti ya usimamizi anaweza kujipa ruhusa yoyote. Kwa hiyo hata mimi kila siku natumia akaunti ya kawaida, na neno la siri la usimamizi liko kwa mwenyekiti kwenye bahasha iliyogongwa muhuri.

Wenye kompyuta kadhaa wajiandae: masharti ya secpol unaweza kuyatoa kama faili ukayaingiza mashine nyingine, lakini makundi na watu utaunda upya kila mashine.