Ultrasaundi ya ghorofani pale Kirumba, Mwanza: foleni inachosha ila dokta anashika tumbo

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa ajili ya ngazi na foleni, ntaeleza.

Sa iko hivi, mtoto wa dada angu, miaka 6, kaletwa toka Sengerema na kivuko cha Kamanga tumbo limejaa upande wa kushoto utadhani kameza kiazi kizima. Huko alikotoka alishameza mseto, ile dawa ya malaria, mara 3 ndani ya miezi miwili, kila wakimtoboa kidole kipimo cha haraka kinasoma malaria basi anapewa dozi nyingine arudi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyemlaza akamgusa tumbo. Bibi yake akawa ashatafuta mtu wa kumchanja chale, anasema hiyo ni bandama. Na kweli ilikuwa bandama, bibi hakukosea ugonjwa, alikosea wembe.

Zahanati yenyewe iko juu ya duka la nyavu, si mbali na mwaloni, pale ufukweni wanaposhusha samaki, harufu ya dagaa inapanda mpaka dirishani. Ngazi zimesimama wima na mtoto unambeba mgongoni. Nesi akanambia "mayu kaa hapo", yaani mama kwa Kisukuma, tukakaa masaa 3. Bima hawachukui, ultrasaundi elfu 25, lipa namba ipo.

Ila dokta jamani. Kabla hajawasha hata mashine alimwambia dogo vuta pumzi, akaingiza vidole taratibu chini ya mbavu za kushoto, akasema hii hapa. Mashine ikaja kusoma sentimita 13, wakati kwa umri wake haitakiwi kupita kama 10 hivi. Nikamuuliza sasa hiyo bandama kazi yake nini mpaka inavimba, nikijua atanijibu kwa mkato kama wengine, akageuza kiti.

Akasema mayu, hapo chini wanauza nyavu za dagaa si ndio? Basi bandama ni kama ile, damu inapita kwenye vitundu vidogo mno, seli nyekundu nzima inajikunja inapenya, yenye kimelea cha malaria imekakamaa inanasa na kuliwa humo humo. Ndo maana malaria hii kali ya kwetu ina ujanja, kimelea kikishakua kinaifanya seli ijigandishe kwenye kuta za mishipa midogo isije ikazungushwa ikapita kwenye wavu. Humo humo kwenye bandama kinga za mwili zinakutana na mdudu na kujifunza kumtambua. Sasa mtoto akiugua mfululizo kazi haiishi, inajaa, inakua.

Halafu likaja lililoniacha mdomo wazi. Baada ya dawa, bandama inaweza kukichomoa kimelea kilichokufa ndani ya seli bila kuipasua, kama unavyomtoa samaki mwiba, na seli inarudi kuzunguka. Ila inarudi na mabaki ya mdudu, na kile kipimo cha kidole kinanusa mabaki hayo hayo, hivo kinaweza kuendelea kusoma malaria wiki kadhaa na mtu ashapona! Yaani inawezekana dozi moja au mbili kati ya zile tatu alipewa bila haja. Akampima kwa darubini, hakuna mdudu hata mmoja.

Ndo akauliza anaoga ziwani? Nikacheka, mtoto wa mwaloni aoge wapi tena. Choo kikapimwa, mayai ya kichocho yapo, na kichocho cha tumbo nacho kinavimbisha bandama, kumbe mzigo ulikuwa wa watu wawili. Kapewa prazikwanteli. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, pia walipima, hana.

Nilivyofika nyumbani nikasomasoma, kumbe mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala wakakubaliana kuyapanga maeneo kwa kuangalia bandama za watoto wa miaka 2 hadi 9, wakizidi 75% wenye bandama kubwa basi hapo malaria imeweka kambi. Kiganja tu! Halafu leo mtu ana koti jeupe na hataki kugusa tumbo la mtoto.

Alichokatazwa: mpira, mieleka, kupanda miembe, maana bandama iliyovimba ikipigwa inaweza kupasuka na damu ikamwagikia ndani. Kumzuia mpira mtoto wa miaka 6 ni kazi kuliko ile foleni. Na chale hapana kabisa, hilo aliniambia nimpigie bibi simu pale pale spika ikiwa wazi.

Tumerudi baada ya miezi mitatu, sentimita 10 na nusu, na safari hii tulikaa saa moja tu kwa sababu tulifika kabla ya saa 2 asubuhi. Ripoti wanaandika kwa Kiingereza kwa mwandiko wa kuku, muombeni dokta awasomee kabla hamjatoka. Na bebeni kitambaa, ile jeli ni ya baridi na tishu wanatoa moja tu.