Uzoefu wangu: Jumamosi za drama na hotuba kwa watoto wa Sekondari Msingi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mzazi: shilingi 7,500 kwa muhula, Jumamosi saa tatu hadi saa sita. Nusu ya kwanza drama, nusu ya pili kuzungumza mbele ya watu. Darasa liko hapa Mombasa, linapokea gredi ya 7 hadi ya 9, na binti yangu yuko gredi ya 8. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Pesa yangu ilifanya kazi kwenye drama. Mwalimu amelelewa na tamasha la drama la shule, lile lililoanza 1959 na ambalo kila aliyesoma Kenya ana kisa chake. Ila hapa hakuna kombe la kufukuziwa. Huwapanga watoto wawili wawili, mmoja huku mwingine kule mwisho wa ukumbi, feni zikinguruma (hazimi hata ukimwomba), kisha huwaambia waelekezane njia ya kwenda soko la Marikiti bila kupiga kelele. Mtoto akikaza koo husimamishwa hapo hapo: shusha mabega, pumzi iende tumboni, malizia neno. Binti yangu alikuwa mtu wa kumeza nusu ya sentensi. Siku hizi ananijibu kutoka jikoni nami nasikia kila kitu, hata nisichotaka kusikia.

Umri huu una mambo yake. Wavulana sauti zinabadilika, na mmoja alianza sentensi kwa besi akaimaliza kwa sauti ya kitoto. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu hakukemea mtu. Alimpa yule kijana aigize babu na mjukuu wakigombania redio, peke yake, sauti zote mbili. Wiki iliyofuata wenzake walikuwa wakiiomba nafasi hiyo.

Kilichonivutia zaidi ni ngonjera. Wengi tunaijua kama mashairi ya kumkaribisha mgeni wa heshima, lakini Mathias Mnyampala na wenzake, baada ya Azimio la Arusha la 1967, waliitumia kubishana: mmoja anapinga, mwingine anafafanua, mpaka mpinzani aelewe. Mwalimu anaifundisha kwa namna hiyo. Mada ilikuwa simu shuleni, na kila mtoto alitakiwa ajibu ubeti aliosikia sasa hivi, si ule aliouandaa nyumbani. Hapo huwezi kujifanya unasikiliza.

Sasa nusu ya pili. Mwalimu mwingine, na ni kama darasa lingine kabisa. Kila mtoto anafungua kwa "itifaki imezingatiwa", anatazama ukuta wa nyuma, anapanua mikono kama mgombea wa udiwani, kisha anatoa maoni ya mtu mzima kuhusu uongozi bora. Karibu yote ni kwa Kiingereza, na muda mwingi unaishia kurekebisha matamshi yafanane na ya watangazaji wa ng'ambo. Watoto wale wale waliokuwa wakibishana kwa beti saa moja iliyopita wanageuka miti. Kwa maoni yangu, hotuba ingefundishwa vizuri zaidi na yule wa drama, bila kadi wala itifaki.

Jambo jingine: wenye kituo waliweka video za watoto mtandaoni kujitangaza bila kutuuliza sisi wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto. Nilipolalamika waliiondoa ya binti yangu siku ile ile, lakini fomu ya idhini mpaka leo sijaiona. Ukienda, uliza mapema. Uliza pia idadi ya watoto, maana muhula uliopita walizidi thelathini kwa mwalimu mmoja, na mwenye haya hujificha kirahisi nyuma ya wenzake.

Matokeo? Binti amesoma matangazo kwenye gwaride la Jumatatu kwa hiari yake, na mwalimu wake wa darasa alinipigia kuniambia. Kwa hiyo nyota nne kwa drama, mbili kwa hotuba. Nimewaomba nilipie ile nusu ya kwanza peke yake muhula ujao. Wamesema watajadiliana, jibu bado.